Umbali na Muda: Tunayojifunza katika Safari ya Ndege ya Nairobi–New York



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila msafiri huliuliza kabla hajafunga mizigo: kutoka mji huu hadi mji ule ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi? Ni maswali mawili, lakini wengi wetu huyachukulia kuwa moja. Tunadhani ukishajua kilomita, unagawanya kwa mwendo wa ndege, na saa zimepatikana.

Jioni hii nataka tuyatenganishe. Umbali kati ya miji miwili umewekwa na umbo la dunia, na hakuna serikali wala shirika la ndege linaloweza kuupunguza hata kwa kilomita moja. Muda wa safari ni jambo jingine. Huo hutengenezwa na upepo, na uzito, na hatimaye na maamuzi ya watu wanaokaa ofisini na kutia saini karatasi. Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki: kwetu sisi Waafrika, saa nyingi tunazopoteza angani na viwanjani hazitokani na dunia kuwa kubwa. Zinatokana na maamuzi, na maamuzi hubadilishwa.

Mfano wangu mkuu ni Nairobi na New York. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili. Kwa miaka mingi kabla ya hapo msafiri wa Nairobi aliyekwenda New York alilazimika kubadili ndege Ulaya, Ghuba au kwingineko. Safari hiyo inafaa kusomwa kama kitabu, kwa sababu kila kinachoamua muda wa ndege kimo ndani yake.

Njia fupi iko wapi?

Tuanze na umbali. Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,800. Ili mwone ukubwa wa namba hiyo, mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna miji miwili duniani inayoweza kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000 hivi. Nairobi na New York zimeachana kwa zaidi ya nusu ya umbali mkubwa kuliko wote unaowezekana.

Sasa, njia yenyewe inapita wapi? Mwanafunzi akiweka rula juu ya ramani ya ukutani, mstari wake utakatiza Mali na Mauritania, kisha utaingia baharini. Nawaomba walimu mfanye jaribio jingine. Chukueni tufe la darasani na uzi. Shikilieni ncha moja ya uzi juu ya Nairobi, nyingine juu ya New York, kisha vuteni mpaka uzi ukaze. Mtaona unapanda kaskazini kuliko rula ilivyoonyesha. Unapita Uganda na Sudan Kusini, unakaribia pembe ya Darfur, unaingia Chad na Niger, unakatiza Algeria na Morocco, unafika visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki, na kutoka huko unaendelea hadi New York.

Huo uzi ndio njia fupi kabisa. Ramani ya karatasi imelazimika kuitandaza dunia ya mviringo, na katika kuitandaza imepotosha mistari. Tufe halipotoshi. Jaribio hili la dakika tatu humfundisha mtoto mengi kuliko ukurasa mzima wa maelezo, nami ningependa lifanyike katika kila shule yenye tufe.

Uzi huo unatufundisha na jambo la pili. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800, na kutoka London hadi New York ni kama 5,500. Jumla ni 12,300 na ushei, yaani kupitia London kunaongeza kilomita 500 tu hivi. Kupitia Dubai ni habari nyingine: 3,500 na ushei za kwenda Dubai, kisha 11,000 za kwenda New York, jumla zaidi ya 14,500. Msafiri wa Dubai anarudi mashariki kwanza ili aende magharibi. Tiketi yake inaweza kuwa ya bei nafuu, na sababu zake za kuichagua zinaweza kuwa nzuri, lakini ni vizuri ajue kwamba ameongeza karibu kilomita 2,700, ambazo ni saa tatu za kuruka.

Upepo

Tuje kwenye muda. Ndege kubwa ya kisasa, ikishafika juu, huenda kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900: unapata saa 13 na dakika chache. Lakini ratiba husema karibu saa 15 kwenda New York, na pungufu ya hapo kurudi Nairobi. Ndege ni ileile na miji ni ileile. Tofauti imetoka wapi?

Watu wa mwambao hawapaswi kushangazwa na swali hili. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Kilwa, na yakarudi kwao na kusi. Nahodha aliyeukosa msimu alingoja miezi. Hakuna aliyemuuliza nahodha ni maili ngapi hadi Muscat bila kuuliza kwanza ni mwezi gani. Wazee wetu walijua kwamba baharini upepo ndio unaokuambia utafika lini.

Angani ni vivyo hivyo. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12, ndege zinakoruka, kuna mikondo ya upepo inayokwenda kasi sana kutoka magharibi kwenda mashariki. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Ooishi, aliipima kwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini. Mwaka 1926 alichapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, akitumaini dunia nzima ingeyasoma, lakini nje ya nchi yake wachache waliyazingatia. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliokwenda kushambulia Japani walikumbana na pepo hizo wenyewe, wakaona ndege zao zikisukumwa kwa nguvu ambayo hawakuitazamia. Maarifa yalikuwepo karibu miaka 20 kabla yao.

Siku hizi mashirika ya ndege huutafuta mkondo huo yakielekea mashariki na huukwepa yakielekea magharibi. Mwezi Februari 2020, dhoruba kubwa ilipokuwa ikiikaribia Uingereza, ndege ya abiria ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 7. Injini hazikuongezewa nguvu. Upepo wa mgongoni ndio uliofanya kazi.

Turudi kwenye hesabu yetu. Tuseme ndege ya kwenda New York inapata upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa kwa wastani wa njia nzima. Mwendo wake juu ya ardhi unashuka hadi 850, na safari inakuwa karibu saa 14. Inaporudi na upepo huohuo mgongoni, mwendo unapanda hadi 950, na safari inakuwa saa 12 na nusu hivi. Upepo wa kawaida kabisa umetenga safari mbili za umbali mmoja kwa saa moja na nusu. Ongeza muda wa kutoka egeshoni, wa kupanda, wa kuzunguka mawingu ya radi na wa kungoja zamu ya kutua, nawe umefika karibu na ratiba.

Kwa hiyo ukikuta jedwali linalosema safari kati ya miji miwili ni saa fulani, uliza kwanza: ni kwenda au kurudi? Jedwali lisilotofautisha hayo mawili halijakueleza mengi.

Uzito

Jambo la pili linaloamua muda ni uzito, na hapa Nairobi ina shida yake ya pekee. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15. Mabawa huinuliwa na hewa, na injini nazo huvuta hewa ili zichome mafuta. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hupata msaada mdogo na injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege inalazimika kukimbia kwa kasi zaidi na kwa umbali mrefu zaidi kabla haijanyanyuka.

Na ndege ya New York huondoka ikiwa nzito. Huduma ilipotangazwa, shirika lilieleza kwamba kila safari ingehitaji marubani 4, wahudumu 12 na tani 85 za mafuta. Ndege yenyewe, Boeing 787-8, inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa tani 227 hivi. Maana yake zaidi ya theluthi ya uzito unaonyanyuka Nairobi ni mafuta. Na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa ajili ya kubeba mafuta mengine, yatakayohitajika saa kumi baadaye juu ya Atlantiki. Ndiyo maana kila saa inayoongezwa mwishoni mwa safari ndefu ni ghali kuliko saa ya mwanzo: lazima ibebwe njia nzima.

Kuondoka usiku kunasaidia. Hewa ya baridi ni nzito kidogo kuliko ya mchana wa jua, na ndege hupata unafuu. Ratiba ya kwanza iliiondoa ndege Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kuifikisha New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Mtu akizitazama saa hizo mbili bila kujua, atadhani ni safari ya saa 7. Lakini wakati wa majira ya baridi ya kule, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Abiria amekaa kitini saa 15, na mwili wake bado unajua kwamba kwao ni alasiri.

Majirani zetu wa Ethiopia wanalijua jambo hili vizuri zaidi. Uwanja wa Addis Ababa uko juu zaidi, mita 2,300 na ushei. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, kwa mfano Dublin. Zikirudi, zinatoka kiwanja kilicho karibu na usawa wa bahari, zina upepo mgongoni, na zinafika Addis Ababa bila kutua. Ni miji ileile miwili. Kwenda kuna kituo kinachorefusha muda, kurudi hakuna.

Ruhusa

Hadi hapa nimezungumzia umbo la dunia, upepo na mwinuko wa viwanja. Hivyo hatuvibadilishi. Sasa nafika kwenye sehemu ninayoijali zaidi.

Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago na kukubaliana kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Kwa hiyo njia ya ndege ni mfululizo wa ruhusa. Ule uzi tulioukaza juu ya tufe unapita juu ya nchi nyingi, na kila moja ina haki ya kukubali, kukataa au kutoza ada. Hata ukiwa na ndege, marubani na abiria, bila ruhusa huna safari.

Kenya ilijifunza hilo kwa muda mrefu. Kabla ndege ya Kenya haijaruhusiwa kutua Marekani, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipaswa kujiridhisha na usimamizi wa usalama wa anga wa Kenya, na kibali hicho kilipatikana Februari 2017. Kilomita 11,800 zilikuwepo siku zote. Ndege zenye uwezo wa kuzimaliza zilikuwa zikiruka Nairobi kwa miaka kadhaa. Kilichokuwa kikingojewa ni kazi ya ukaguzi, sheria, mafunzo na mikataba, kazi ya watu wa kawaida mezani.

Ruhusa pia huondoka. Vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizokuwa zikilikatiza kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Mwaka mmoja kabla yake, Urusi na nchi za Ulaya zilifungiana anga kwa sababu ya vita vya Ukraine. Safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua saa 9 na nusu hivi, ikafikia karibu saa 13. Helsinki haikuhama na Tokyo haikuhama. Kwa msafiri, vita vya mbali vimegeuka kuwa saa tatu na zaidi za kukaa kitini. Kwa wenyeji wa nchi hizo, gharama yake ni kubwa isiyopimika kwa saa.

Hata maendeleo makubwa ya kasi tuliyoyaona yamekuwa kazi ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari za London hadi Cape Town kupitia Afrika Mashariki, na msafiri alitumia zaidi ya wiki nzima njiani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria ya ndege ya jeti, kutoka London hadi Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ilitumia saa 23 na dakika 40 hivi. Leo London hadi Johannesburg ni saa 11 hivi bila kutua. Na mwezi uleule ambao Nairobi iliunganishwa na New York, Oktoba 2018, Singapore nayo iliunganishwa tena na eneo la New York kwa zaidi ya kilomita 15,000 na saa zaidi ya 18. Binadamu akiamua kuunganisha miji miwili, anaiunganisha.

Dar es Salaam na Dakar

Basi nawauliza: tumeamua kuunganisha miji ipi?

Kutoka Dar es Salaam hadi Dakar ni takriban kilomita 6,650. Ni zaidi kidogo ya nusu ya Nairobi–New York. Ndege ya kawaida ya masafa marefu ingemaliza safari hiyo kwa saa 8 hivi: ungeondoka asubuhi, ukafika Dakar bado ni mchana. Lakini hakuna ndege ya moja kwa moja. Mtanzania anayekwenda Dakar hubadili ndege Addis Ababa au Nairobi, au hupitia nje ya bara kabisa. Akipitia Istanbul, anaruka kama kilomita 10,700, kilomita 4,000 zaidi ya zinazohitajika, anakaa kiwanjani, na safari inakula siku nzima au usiku na mchana. Akipitia Ulaya, huenda akadaiwa hata viza ya kupita kwenye nchi ambayo hana shida nayo.

Najua jibu linalotolewa: abiria wa Dar es Salaam–Dakar ni wachache, hawajazi ndege. Ni kweli, na shirika haliwezi kurusha viti vitupu. Lakini kuna njia inayotumika duniani kote. Ndege itoke Dar es Salaam, itue mji mkubwa wa katikati, tuseme Kinshasa au Lagos, ishushe abiria na kuchukua wengine, kisha iendelee Dakar. Abiria wachache wa kila kipande wakijumlishwa wanaijaza ndege. Ili hilo liwezekane, nchi ya katikati lazima iruhusu ndege ya kigeni kuchukua abiria kwake na kuwapeleka nchi ya tatu. Ruhusa hiyo ndiyo ngumu kupatikana Afrika, kwa sababu kila nchi inahofia shirika lake la taifa litapoteza wateja.

Viongozi wetu wanalijua tatizo hili. Novemba 1999 mawaziri wa Afrika walikutana Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, wakakubaliana kufungua anga la bara kwa mashirika ya Kiafrika, na haki hiyo ya kuchukua abiria njiani ilikuwa ndani ya makubaliano. Januari 2018, zaidi ya miaka 18 baadaye, Umoja wa Afrika ukazindua Addis Ababa soko moja la usafiri wa anga. Nchi 23 zilijiunga siku za mwanzo. Kenya na Rwanda zilikuwemo. Tanzania haikuwemo katika orodha hiyo ya kwanza. Karatasi zipo na saini zipo. Kinachokosekana ni kuzitekeleza, pamoja na kupunguza kodi na ada zinazopachikwa juu ya tiketi hadi wakati mwingine safari fupi ya ndani ya bara ikawa ghali kuliko safari ya kwenda Ulaya.

Hofu ya kuua mashirika ya taifa siidharau. Wafanyakazi wake ni ndugu zetu, na kodi ya wananchi imezamishwa humo. Lakini anga lililofungwa halijayaokoa. Limeyaacha na njia chache, abiria wachache na gharama kubwa, huku mashirika ya nje ya bara yakibeba Waafrika kutoka mji mmoja wa Afrika hadi mwingine kwa kuwazungusha. Mfanyabiashara wa korosho wa Mtwara na mnunuzi wa Abidjan, mtafiti wa Makerere na mwenzake wa Ibadan, wote wanalipa kwa siku za maisha yao.

Ombi langu

Kwa walimu na wanafunzi: tumieni tufe na uzi. Chagueni miji miwili ya Afrika, pimeni umbali wa kweli, gawanyeni kwa kilomita 850 kwa saa, ongezeni nusu saa ya kuondoka na kutua, kisha linganisheni na safari ambayo tiketi inawapa. Tofauti itakayobaki iandikeni ukutani, miji yote pamoja.

Kwa waandishi wa habari: waziri anapotangaza njia mpya ya ndege, muulizeni pia njia gani zimeombwa na kukataliwa, na kwa nini. Na kwa wanaotia saini, ambao baadhi yenu mko hapa jioni hii: Nairobi iliifikia New York baada ya wataalamu kufanya kazi ya ofisini kwa uvumilivu. Kazi ya namna hiyohiyo ndiyo itakayoifikisha Dar es Salaam Dakar, na haihitaji ndege ambayo bado haijabuniwa. Ifanyeni.